Waridi la Naivasha lipande meli, na hasara tuigawane

Maua ya Naivasha yanapaswa kusafiri kwa meli. Nasema hivi nikiwa mkaguzi wa ubora katika shamba moja la waridi kando ya Barabara ya Moi South Lake, na nikijua vyema kwamba wenzangu wengi ninaofunga nao maua hawataki kabisa kusikia habari za meli. Wana sababu zao, na nitazieleza, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Hadi leo sehemu kubwa ya waridi letu huondoka kwa lori kwenda Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, na baada ya siku chache tu liko sokoni Uholanzi. Haraka hiyo ina gharama yake. Kwa kila tani inayobebwa kila kilomita, ndege hutoa kaboni makumi ya mara kuliko meli, kiasi kwamba hata ukijumlisha mzunguko wote wa baharini, bado meli inashinda kwa mbali. Wanunuzi wa Ulaya wanalijua hilo, na maduka makubwa ya kule siku hizi yanauliza hesabu ya kaboni kama yanavyouliza urefu wa shina. Wakuu wa sekta yetu nao walikwisha kutaja lengo: nusu ya maua ya Kenya yasafiri kwa bahari ifikapo 2030.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna sababu iliyo karibu zaidi. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa. Mvua ya vuli ikamwagika Afrika Mashariki bila kipimo, na mwaka uliofuata Ziwa Naivasha likaingia mtaa wa Kihoto. Ni ziwa lile lile ambalo mwaka 2009 lilikuwa limerudi nyuma mno hata watu wakahofia litakauka. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja kuongezeka kwa mvua kutokana na mabadiliko ya tabianchi, pamoja na udongo unaosombwa kutoka mashambani na misituni, kuwa sababu za maji kupanda. Mwishoni mwa 2025 maji yakarudi Kihoto. Mashua zilizozoea kuwatembeza watalii wakaangalie viboko zikabeba magodoro, mitungi ya gesi na watoto waliovaa sare za shule. Mwenzangu mmoja wa meza ya kuchambua maua alihama usiku akaja kwetu Karagita, na asubuhi yake alikuwa kazini, akifunga waridi la kwenda kupakiwa kwenye ndege.

Sisemi ndege za maua ndizo zilizoijaza Kihoto maji. Uchafu wa hewa ya dunia umetoka kwingi, na sehemu ya Kenya ni ndogo sana. Lakini siwezi kuiona mistari ya matope kwenye kuta za nyumba za wenzangu kisha niseme njia tunayosafirishia maua hainihusu.

Na bahari si ngeni kwa maua ya bonde hili. Wazee wa Molo na Mau Narok wanakumbuka pareto: maua meupe yaliyochumwa kwa mkono, yakakaushwa, yakapelekwa Nakuru, kisha yakashuka Mombasa na kuvuka bahari kwenda kutengenezwa dawa za wadudu. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Kweli, pareto ilisafiri ikiwa imekauka, na waridi lazima lifike likiwa hai. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Kabla aina ya waridi haijaruhusiwa kupanda meli, tunaiwekea safari ya majaribio papa hapa shambani. Maboksi hufungwa kama ya kwenda Rotterdam, yakaandikwa tarehe kwa wino mzito, kisha yakapangwa kwenye kona ya chumba cha baridi kilichowekwa karibu na nyuzi sifuri. Yanakaa humo mwezi mzima bila kufunguliwa. Ndani ya boksi moja kuna kifaa kidogo kinachorekodi joto usiku na mchana. Siku ya kufungua nakata ncha za mashina, natia maua kwenye maji katika chumba chenye joto la sebule ya kawaida, na kuyakagua kila asubuhi. Kuna aina zinazochanua vizuri na kukaa zaidi ya wiki. Kuna zinazoinamisha shingo mapema. Na kuna zinazotoka na madoa ya kahawia kwenye petali za nje. Huo ni ukungu wa kijivu, botritisi, ambao vijimbegu vyake huwa vimeshatua kwenye ua tangu kwenye kivungulio na kinachosubiriwa ni unyevu tu. Unyevu huo hujikusanya baridi inapoyumba: mlango ulioachwa wazi, lori lililozima mashine ya baridi njiani, umeme uliokatika kabla kontena halijapanda meli. Waridi lililochaguliwa vizuri linavumilia mwezi mzima. Lisichovumilia ni nyuzi kupanda na kushuka.

Sasa, hofu ya wenzangu. Boksi la ndege likiharibika, hasara ni ya boksi. Kontena likiharibika, shamba linaweza kupoteza mavuno ya siku kadhaa kwa mpigo mmoja. Katika shamba nililofanyia kazi zamani niliona jinsi mambo yanavyokwenda: picha za petali za kahawia zikatumwa kutoka ng'ambo, dai la fidia likafuata, na mwezi ule vibarua hawakuitwa. Mtu wa mwisho kulipia baridi iliyoyumba baharini alikuwa mama wa watoto watatu aliyengojea simu ya supavaiza nyumbani kwake.

Hatari hiyo imekua. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliyafanya makampuni ya meli kukwepa mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Safari ya karibu mwezi ikapita siku arubaini. Majaribio yetu ya mwezi mmoja yakawa hayatoshi, na aina ambazo zilikuwa zimefaulu ikabidi zipimwe upya. Mzunguko ule pia unachoma mafuta zaidi, kwa hiyo hata faida ya hewa safi inapungua, ingawa haifutiki.

Ndiyo maana nataka jambo moja liwekwe kwenye mikataba. Mnunuzi anayetaka kuwaambia wateja wake kwamba ua hili limesafiri kwa kaboni kidogo, aingie naye kwenye hasara ya safari. Kifaa cha kurekodi joto kipo ndani ya boksi na hakimpendelei mtu. Kikionyesha kwamba baridi ilishikilia tangu shambani hadi kontena linapakiwa Mombasa, shamba lilipwe, na yatakayotokea baharini yawe ya mnunuzi, mwenye meli na bima zao. Kikionyesha tulizembea sisi, tubebe sisi. Kwa sasa sifa ya usafi inakwenda kwenye rafu za Ulaya na hatari inabaki Naivasha, na hilo halikubaliki.

Serikali nayo ina sehemu yake. Reli ya kisasa ilifika Suswa mwaka 2019, na bandari ya nchi kavu ya Naivasha ipo. Makontena mengi yanayoletwa bara yakiwa na bidhaa za nje hurudi pwani matupu. Jirani tu kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Baridi ya kontena la waridi inaweza kuendeshwa kwa umeme huo tangu shambani hadi kwenye behewa, badala ya kutegemea dizeli ya lori na barabara inayopita Mai Mahiu, ambako Aprili 29, 2024 maji yalishuka usiku na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Tunahitaji treni ya makontena ya baridi yenye ratiba inayoheshimiwa, na soketi za umeme zinazofanya kazi mwanzo wa reli na mwisho wake. Haya ni mambo ya mafundi na bajeti, na yanawezekana.

Meli zenyewe hazijawa safi, na sitaki tudanganyane. Oktoba 2025 mataifa yalikutana London kwenye Shirika la Kimataifa la Bahari kupitisha mpango wa kuzitoza meli kwa kaboni zinayotoa, yakaishia kuahirisha uamuzi kwa mwaka mmoja. Upande mwingine, mwaka 2023 meli ya shehena iitwayo Pyxis Ocean ilitoka China hadi Brazil ikiwa na mabawa makubwa ya kukamata upepo ili kupunguza mafuta. Mabaharia wa Lamu na Mombasa, ambao mababu zao walikwenda Uarabuni na kusi na kurudi na kaskazi, wangeielewa meli ile mara moja. Ningefurahi kuona vyombo vya namna hiyo vikitia nanga Kilindini, lakini hatuwezi kuvisubiri ndipo tuanze.

Waridi la meli linalotakiwa kuwa dukani Ulaya kabla ya Februari 14 lazima liondoke shambani Desemba, kwa njia ya Rasi. Maana yake mikataba yake inaandikwa kabla ya Oktoba kwisha. Wawakilishi wa mashamba watakapokaa na wanunuzi kujadili bei ya msimu huo, wafungue na ukurasa wa hasara, na vyama vya wafanyakazi wa mashambani viwe na kiti kwenye meza hiyo.