Kabla ya kununua kishikwambi cha shule

Kila mwaka, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba, wazazi wa hapa Kigali hupokea orodha ya vifaa ambavyo mwanafunzi anatakiwa kufika navyo. Orodha hiyo tumeizoea: madaftari, kalamu, sare, na kwa wale wanaolala shuleni, godoro, shuka na ndoo. Lakini katika miaka ya karibuni ziko shule, hasa za binafsi, ambazo zimeongeza kitu kingine, nacho huandikwa kwa neno moja tu bila maelezo: kishikwambi. Ni kile kibao cha kioo kinachoendeshwa kwa kidole, ambacho madukani wengi hukiita tableti.

Neno hilo moja limewatia wazazi wengi mashakani. Mwenye mtoto wa sekondari hujiuliza: je, ninunue kishikwambi kama ilivyoandikwa, au ninunue kompyuta ya kupakata ambayo mtoto ataitumia mpaka afike chuoni? Nikinunua kompyuta, mtoto hatarudishwa getini? Na nikinunua kishikwambi, mwaka ujao sitaambiwa ninunue na kompyuta pia?

Jambo hili linawahusu wasomaji wa ukurasa huu, askari wa Jeshi la Ulinzi na wa Polisi ya Taifa, kuliko linavyowahusu wananchi wengine wengi. Askari mara nyingi hayupo nyumbani orodha inapofika. Yuko zamu, yuko mafunzoni, au yuko nje ya mipaka katika kazi ya kulinda amani, na orodha anasomewa na mkewe kwa simu usiku. Hana nafasi ya kwenda shuleni kuuliza, wala ya kuzunguka madukani kulinganisha bei. Anatoa neno moja, "nunueni", na fedha zinatoka. Nyingi ya fedha hizo ni za mkopo. Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo ambacho kimewahudumia watumishi wa vyombo vya ulinzi na usalama tangu mwaka 1997, kimewasaidia wengi kujenga na kusomesha. Lakini mkopo ni mkopo, na makato ya mshahara huendelea hata baada ya kioo cha kishikwambi kupasuka.

Tena kuna tabia ya kazi yenyewe. Askari akiambiwa avae viatu vyeusi, haulizi kwa nini si vya kahawia. Utii huo ni sifa, na bila huo hakuna jeshi wala polisi. Lakini orodha ya shule si amri ya kijeshi. Mzazi ambaye ndiye anayelipa ana haki ya kuuliza, na mwalimu mkuu ana wajibu wa kujibu.

Aulize nini? Sisi tunasema kwamba swali la kifaa gani haliwezi kujibiwa kabla ya swali la kazi gani. Hakuna kamanda anayechagua silaha kwanza ndipo aende kutafuta shabaha. Basi mzazi na aiulize shule: mtoto wangu atakifanyia nini kifaa hiki darasani? Atasoma vitabu vilivyomo ndani yake? Atachora? Ataandika insha ya kurasa tano? Atatengeneza majedwali ya hesabu? Atajifunza kuandika programu?

Katika nchi yetu swali hili si geni. Mwaka 2008 Serikali ilianza mpango wa kumpatia kila mtoto wa shule ya msingi kompyuta yake. Kompyuta iliyotumika ilikuwa ile ndogo ya rangi ya kijani na nyeupe iitwayo XO, iliyobuniwa na One Laptop per Child, shirika lililoasisiwa na Nicholas Negroponte nchini Marekani. Katika miaka iliyofuata kompyuta zaidi ya 200,000 za aina hiyo ziligawiwa katika shule za Rwanda. Wako vijana wanaovaa sare za jeshi na polisi leo ambao kompyuta ya kwanza kuigusa maishani mwao ilikuwa hiyo.

Yafaa kompyuta ile ikumbukwe vizuri, maana ilikuwa na mambo ambayo mnunuzi wa leo angeyatafuta. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kibodi yake ilikuwa ya mpira uliozibwa ili vumbi na maji visipenye. Kioo chake kilisomeka hata juani. Na jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba kioo hicho kiliweza kuzungushwa na kulazwa juu ya kibodi, mtoto akakishika mkononi na kukisoma kama kitabu. Yaani mtoto wa shule ya msingi alikuwa na kifaa kimoja chenye kufanya kazi mbili, ya kusoma na ya kuandika, miaka mingi kabla ya wazazi wa Kigali kuanza kubishana juu ya kishikwambi na kompyuta.

Hata hivyo ukweli wote usemwe. Kompyuta zile hazikuleta matunda yote yaliyotarajiwa. Shule nyingi za vijijini wakati ule hazikuwa na umeme wa kuzichaji. Walimu wengi walipewa mashine kabla ya kufundishwa vya kutosha namna ya kufundishia kwa mashine hiyo. Ziko shule ambako zilifungiwa kabatini kwa kuogopa wizi, zikatolewa siku ya wageni. Serikali haikukata tamaa: ilifanya mapatano na kampuni ya Positivo BGH kutoka Amerika ya Kusini, na mwaka 2015 kompyuta za kupakata zikaanza kuunganishwa hapa hapa Kigali, mkazo nao ukahamia kwenye madarasa maalumu ambamo wanafunzi hutumia kompyuta kwa zamu. Mashine ya XO yenyewe haikuwa mbaya. Kilichopungua ni maandalizi ya kazi ambayo mashine ile ilitakiwa kuifanya.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo kwa namna yao. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 ilikuwa imeahidi kompyuta za kupakata kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza iliingia katika mabishano, ikafutwa. Mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, watoto walipewa vishikwambi, na kompyuta za kupakata wakapewa walimu. Wapinzani walisema ahadi imepunguzwa. Sisi tunaona kwamba, lolote lililosemwa juu ya zabuni, mgawanyo ule ulikuwa na akili. Mtoto wa miaka sita anajifunza kutambua herufi, kusikiliza sauti yake na kuburuta picha kwa kidole, kibodi ingemchelewesha. Mwalimu anaandaa masomo, anaandika taarifa na kujumlisha alama. Kioo cha kuguswa kingemchosha. Kila mmoja alipewa kifaa kulingana na kazi yake.

Upande mwingine wa dunia, wakubwa wa shule za mji wa Los Angeles nchini Marekani walifanya kinyume chake. Mwaka 2013 walianza kuwanunulia wanafunzi wao iPad, wakikusudia kuwafikia wote, wadogo kwa wakubwa. Haukupita muda ikaonekana kwamba mitihani ya jimbo ilihitaji kibodi, nazo hazikuwamo katika ununuzi wa kwanza. Fedha nyingine zikatakiwa. Mwaka 2014 mkataba ukasimamishwa, hasa kwa maswali yaliyozuka juu ya namna zabuni ilivyoendeshwa. Ikiwa mji tajiri kama ule uliweza kununua kwanza na kuuliza baadaye, koplo mwenye watoto wanne asione haya kuuliza mapema.

Sasa tuseme wazi tunavyoona. Kwa mtoto wa shule ya msingi ambaye shule yake imetaka kishikwambi, mzazi na anunue kishikwambi, wala asijitie katika gharama ya kompyuta kwa kudhani anamfanyia mtoto hisani. Kifaa hicho ni chepesi, betri yake hudumu, na kazi ya umri ule ni kusoma, kuchora na kusikiliza. Lakini asinunue kile kidogo kabisa cha inchi 7 kwa sababu ya urahisi wa bei. Kioo cha inchi 10 kinalingana zaidi na ukurasa wa kitabu, na macho ya mtoto hayana akiba. Aongeze na ganda gumu la mpira, kwa maana kishikwambi kikianguka katika uwanja wa shule huwa kinaanguka kwa upande wa kioo. Sijui kwa nini, lakini ndivyo tunavyokiona kila mara.

Kwa mwanafunzi wa sekondari mambo hubadilika. Huyu ataandika. Ataandika insha, taarifa za majaribio ya sayansi na majedwali, na akichagua mchepuo wa kompyuta ataandika programu. Rwanda Coding Academy iliyofunguliwa wilayani Nyabihu mwaka 2019 inawafundisha vijana wa umri huo huo kuandika programu, na kazi hiyo haifanywi kwa kupapasa kioo. Kishikwambi peke yake hakimtoshi. Tena programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows haziingii katika kishikwambi cha Android, jambo ambalo wazazi wengi huligundua baada ya kulipa.

Kwa huyo ziko njia mbili. Ya kwanza ni ile iliyofanana na XO ya zamani: kompyuta ya kupakata yenye kioo cha kuguswa ambacho hukunjwa nyuma kikawa kishikwambi. Shule ikitaka kuandika kwa kalamu juu ya kioo, kifaa hicho kinaweza, mradi mzazi ahakikishe dukani kwamba kinapokea kalamu. Na jioni mtoto anakikunjua na kucharaza insha yake. Bei yake ni kubwa, lakini ni bei ya kifaa kimoja badala ya viwili. Njia ya pili, kwa asiyeweza bei hiyo, ni kishikwambi kizuri pamoja na kibodi ya kuunganisha. Inatosha kwa miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, ingawa haitamfikisha mbali katika somo la kompyuta.

Wako watakaouliza juu ya kompyuta zilizokwisha kutumika, zinazoletwa kutoka Ulaya na nchi za Ghuba. Hatuzikatai. Kompyuta ya kupakata iliyotumika ofisini ughaibuni mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei ya chini, na fundi anaweza kuifungua akabadilisha betri au kuongeza kumbukumbu. Kishikwambi kilichotumika ni habari nyingine: kimegundishwa kwa gundi, na betri yake ikichoka, gharama ya kukitengeneza hukaribia ya kununua kingine. Lakini kwa vyovyote vile askari asinunue kifaa mkononi mwa mtu njiani. Adai risiti ya EBM yenye jina lake, na aandike namba ya kifaa mahali salama. Polisi aliyekutwa na kompyuta ya wizi chumbani mwa mwanawe atapata taabu kueleza kwamba aliinunua kwa nia njema.

Kuna jambo lingine ambalo raia hana haja ya kulifikiria sana, lakini familia ya askari hapana budi ilifikirie. Kifaa cha shule kina kamera, kipaza sauti, na uwezo wa kujua mahali kilipo. Mtoto akimpiga picha baba yake aliyerudi kutoka kazini, sare na silaha zikiwa sebuleni, picha hiyo yaweza kufika katika kundi la darasa kabla chai haijapoa. Akiongea na baba aliye katika kazi ya nje, yaweza kuonekana nyuma yake kile kisichotakiwa kuonekana. Mzazi na azime huduma ya kuonyesha mahali katika kamera, na amweleze mtoto kwa upole kwa nini nyumba yao haipigwi picha kama nyumba nyingine. Wala kifaa cha mtoto kisigeuzwe kuwa cha baba kufungulia barua za kazini.

Kwa upande wa shule, hatuombi ziondoe kishikwambi katika orodha zao. Tunaomba ziandike sentensi mbili zaidi. Ya kwanza iseme kazi ambayo kifaa kitafanya, pamoja na ukubwa wa kioo na programu zinazohitajiwa. Ya pili iseme kwamba kompyuta inayoweza kufanya kazi hiyo hiyo itapokewa. Shule inayotaja aina moja ya kampuni na duka moja la kuinunulia, bila sababu ya masomo, inajitafutia kusemwa. Na shule ambayo mwalimu wake hajafundishwa kutumia kifaa hicho haina haki ya kukidai kwa mzazi mwaka huu. Na ingoje mwalimu awe tayari.

Mzazi aliye mbali anaweza kuuliza kwa barua fupi au kwa ujumbe wa simu, na afanye hivyo mwezi wa Julai, si siku mbili kabla ya kufungua. Majibu ayaweke. Kisha, kabla ya kulipa, amtafute askari wa mawasiliano wa kikosi chake amtazamie kifaa hicho. Karibu kila kikosi kina kijana wa namna hiyo, naye atatambua katika dakika kumi kile ambacho muuzaji hatakitaja.