Neno la Mhariri: Kujitolea Hakufuti Dhamana

Toleo hili limetengwa kwa ajili ya watu ambao majina yao hayaonekani sana kwenye mabango ya matamasha wala kwenye vibao vya uzinduzi wa majengo yaliyokarabatiwa, nao ni wajumbe wa bodi za asasi za hiari zinazohifadhi urithi wa utamaduni katika mwambao wa Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mjumbe asiyelipwa mshahara anawajibika kwa uzito uleule unaombana mtumishi anayelipwa, kwa kuwa wajibu wake unatokana na dhamana ya mali ambayo si yake, na dhamana hiyo haipungui kwa sababu mwenye kuibeba amejitolea.

Bodi, katika maana inayokusudiwa, ni kundi la watu waliochaguliwa au kuteuliwa kwa mujibu wa katiba ya asasi ili kutoa mwelekeo, kusimamia mali na kuwauliza watendaji namna walivyoitumia. Kwa upande wa Tanzania Bara, wadhamini waliosajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu hutambuliwa kisheria kuwa chombo kimoja kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na chombo hicho huendelea kuwapo hata wajumbe wake wanapobadilika au kufariki. Urithi unaosimamiwa na bodi za asasi za mwambao kwa jumla ni wa aina mbili: urithi unaoshikika, kama vile majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ya Lamu, iliyofuata mwaka 2001, na urithi usioshikika, yaani ujuzi, nyimbo, ngoma na desturi zinazoishi ndani ya watu, ambao UNESCO iliuwekea mkataba wake mahususi mwaka 2003.

Utumishi wa aina hii haukuletwa mwambaoni na wafadhili. Wakfu, yaani mali iliyofungwa ili isiuzwe wala isirithiwe na ambayo manufaa yake huelekezwa kwenye lengo aliloliweka mwenye kuitoa, umekuwa na msimamizi wake tangu zamani, na inajulikana kuwa ataulizwa juu ya kila pato na kila tumizi. Vilabu vya taarab navyo vimeendeshwa kwa kamati za wanachama wenyewe, na Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa Zanzibar mwaka 1905, ni ushahidi kwamba umoja wa watu wenye mapenzi na fani unaweza kudumu kwa zaidi ya karne moja.

Uzito wa dhamana hiyo hudhihirika zaidi katika mambo yanayoonekana madogo. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingizwa ukutani. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuachia unyevu huo njia, ilhali saruji huuziba, hata maji na chumvi vikabaki ndani, mawe yakamomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima, na ncha za boriti zikaoza pasipo mtu kujua. Makadirio ya gharama yanapofikishwa mbele ya bodi yakiwa na mstari mmoja tu unaosema "kupiga lipu", mjumbe anayeuliza kama lipu hiyo ni ya chokaa au ya saruji, na ni fundi gani atakayeipiga, huenda ameiokoa nyumba, na mjumbe anayetia saini kwa sababu muda wa kikao umekwisha huenda ameidhinisha uharibifu kwa jina la ukarabati. Wahenga waliosema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta walikuwa wakizungumzia hasara ya namna hiyohiyo.

Kwa upande wa fedha, hatari kubwa ni kutegemea mfuko mmoja. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 chini ya asasi ya Busara Promotions, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya ukosefu wa fedha, kisha likarejea mwaka 2017. Tukio hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa uzembe wa mtu yeyote. Linaonyesha tu jinsi shughuli yenye sifa na wapenzi wengi inavyoweza kusimama pale michango inapopungua. Kwa hiyo, bodi inapaswa kusoma taarifa ya fedha kabla ya kikao, kutenganisha fedha zenye masharti, yaani zile zilizotolewa kwa kazi maalumu na zisizoweza kutumika kwa kazi nyingine, na fedha huru, na kuijenga akiba hata katika miaka ya neema.

Hata hivyo, kuuliza si kutenda. Mjumbe anayempa fundi amri bila kumpitia mkurugenzi huvuruga utawala sawa na yule asiyehudhuria vikao. Vilevile, mjumbe ambaye ndugu yake ameomba zabuni anakabiliwa na mgongano wa maslahi, yaani hali ambayo faida yake binafsi inaweza kupindisha uamuzi wake. Anapaswa kulitamka jambo hilo, kutoka nje ya kikao na kuhakikisha kwamba muhtasari umeliandika.

Wapo wanaodai kwamba bila posho ya kikao bodi zitabaki kuwa za matajiri na wastaafu. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa bodi isiyo na fundi wa chokaa, mpigaji wa ala ya kanuni, mkaazi wa mtaa husika na kijana hupoteza macho inayoyahitaji. Suluhisho lake, hata hivyo, ni kurejesha nauli na gharama halisi kwa stakabadhi, na kupanga vikao katika saa ambazo mtu wa kazi anaweza kuhudhuria, kwa sababu posho inapogeuka kivutio, vikao huongezeka na maamuzi hupungua. Ukomo wa muhula nao ni wa lazima, ili heshima wanayostahili waasisi isizuie wengine kujifunza kazi wakati waasisi hao wangali hai kuwafundisha.

Msomaji atakayeombwa kuingia katika bodi ya aina hii anashauriwa kuomba kwanza katiba ya asasi, taarifa ya mwisho ya mkaguzi wa hesabu na mihtasari ya vikao vya mwaka uliopita, na kuvisoma vyote kabla ya kujibu. Asasi inayosita kuvitoa imekwisha kumjibu. Ile inayovitoa bila kinyongo inastahili kupewa muda wa msomaji huyo, ujuzi wake na maswali yake magumu, na watendaji wa asasi hiyo wanapaswa kuyapokea maswali hayo kama sehemu ya mchango wa mjumbe wao.