Mahindi Mabovu Hurudi Mjini kwa Mkebe wa Maziwa

Sumukuvu, ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la aflatoksini, hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hiyo huishi udongoni na hupenda mahindi na njugu. Ukame ukiyabana mahindi, huyavamia yakiwa bado shambani. Yakivunwa kabla ya kukauka na kufungiwa kwenye magunia ya nailoni, huendelea kustawi ghalani. Sumu yenyewe haionekani wala hainuki, na githeri hata ichemke kutwa, haitoki.

Mwaka 2004 iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui, kwa mahindi ya nyumbani mwao. Tangu hapo wakulima wamehubiriwa: anika juu ya turubai, hifadhi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, tupa yaliyoota ukungu. Mawaidha mema, ila hilo la kutupa ni gumu kwa mtu aliyelima ekari moja akangojea mvua isiyokuja. Hatupi. Huchambua: mazuri kwa watoto, mabovu kwa ng'ombe na kuku, au kwa mpika pombe.

Wanaohamasisha mara nyingi huliachia suala hapo, kana kwamba ng'ombe ndiye mwisho wa safari. Wafugaji wa Dagoretti, Uthiru na Kangemi, mitaa ya Nairobi, hawana malisho. Hununua pumba, machicha na chochote kilicho rahisi, yakiwemo mahindi hayo mabovu. Ng'ombe akila sumukuvu aina ya B1, ini lake hugeuza sehemu ya sumu hiyo kuwa M1, nayo hutokea kwenye maziwa muda mfupi tu baadaye. Watafiti wameikuta katika maziwa ya Dagoretti, baadhi ya sampuli zikipita kiwango cha Ulaya. M1 ni hafifu kuliko B1, lakini wanywaji wakuu wa maziwa ni watoto.

Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na jiji likashtuka. Marufuku hiyo ilihusu unga wa pakiti. Debe la mahindi lisagwalo kwenye kinu cha Kawangware halikuguswa.

Ujuzi haukosekani. Makao makuu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, yako Loresho, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iko Uthiru kwenyewe. Tangu 2015 Kenya imeidhinisha Aflasafe KE01, yaani kuvu zisizo na sumu zinazonyunyizwa shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, zikaizidi nguvu ile yenye sumu.

Kinachokosekana ni jibu la swali la mkulima: akitupa, atakula nini? Mwaka 2004 serikali iligawa chakula mbadala katika maeneo yaliyoathirika. Wizara ya Kilimo, pale Kilimo House, iufanye utaratibu huo kuwa wa kudumu: gunia bovu lipokewe, libadilishwe kwa zima, kisha liharibiwe.