Santuri za babu na chupa ya soda

Mzazi mwenzangu, kama kwenu Ujiji bado mnazo santuri za babu na mmepata mashine ya kuzioshea, swali la kwanza ni: mtie maji gani?

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini; yakikauka huacha chumvichumvi kwenye mistari ya santuri. Tumia maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, lakini soma lebo usije ukauziwa asidi. Tia matone machache ya sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji hayohayo bila sabuni.

Spiriti je? Santuri nzito za kale, za mizunguko 78 kwa dakika, huharibiwa nayo. Za plastiki huvumilia kidogo tu.

Hofu yangu kubwa ni mtoto. Baadhi ya spiriti zina methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda, ifungie kabatini. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe, hata akionekana mzima: dalili huchelewa kwa saa kadhaa.