Fundi wa Umeme Huanza Kidato cha Pili



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, swali moja hurudi katika nyumba nyingi: kijana huyu tumpeleke wapi? Baba hutazama alama, mjomba hutaja chuo, jirani hutaja kozi, na siku hizi neno linalotajwa sana ni umeme. Ni shauri jema. Tatizo ni kwamba kwa familia nyingi huja likiwa limechelewa kwa miaka miwili. Juma hili tulizungumze hilo, tukianzia Kanazi, wilayani Ngara, ambako umeme si habari ya mbali.

Katika wilaya hiyo ndipo yalipo maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Dunia ililisikia jina hilo Aprili 1994, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walipovuka daraja lake kuingia Ngara. Leo linatajwa kwa sababu nyingine. Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga hapo, kwa ubia, mtambo wa kufua umeme wa megawati 80, na kila nchi hupata theluthi yake, yaani karibu megawati 27. Fungu la Tanzania husafirishwa kwa laini ya msongo wa kilovoti 220 hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na hapo huingia katika gridi ya Taifa. Kwa mji wa Ngara, ambao kwa miaka mingi taa zake ziliwashwa kwa jenereta za dizeli, hili si jambo dogo.

Hata hivyo, mtambo ukishajengwa huhitaji watu wa kuuendesha, kuupima na kuutengeneza. Laini huhitaji mafundi, vituo vya kupozea umeme huhitaji wasimamizi, na kila nyumba inayounganishwa huhitaji mtu wa kutandaza nyaya zake. Kijana wa Kanazi anaweza kuishi karibu na maporomoko hayo umri wake wote, na kazi hizo zikafanywa na wageni. Hapatakuwa na dhuluma katika hilo iwapo yeye hakusoma. Serikali husimika nguzo, lakini elimu haifiki kijijini kwa nguzo.

Basi katika idara ya uhandisi wa umeme na elektroniki husomwa nini? Wazazi wengi hudhani ni kufunga taa na soketi. Hilo limo, ila ni pembe tu. Mwanafunzi huanza na sakiti na vipimo: volti, ampea, ukinzani. Huendelea na mota, jenereta na transfoma, kisha vifaa vya kukinga mitambo, uchoraji wa kihandisi, na elektroniki, yaani vile vipande vidogo vinavyoifanya redio isikike, simu ichajiwe na mita ya LUKU ihesabu. Yote hayo yamesimama juu ya hisabati na fizikia.

Tuchukue mfano wa laini hiyo ya Nyakanazi. Kwa nini kilovoti 220, wakati nyumbani tunatumia volti 230 tu? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kupiga hesabu. Megawati 27 zikisafirishwa kwa kilovoti 220, mkondo katika kila waya wa laini ya fezi tatu huwa karibu ampea 70. Lau umeme huohuo ungesafirishwa kwa volti 400 za laini ya mtaani, mkondo ungekaribia ampea 39,000. Na joto linalopotea kwenye waya halikui sambamba na mkondo, bali kwa mraba wake: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Kwa hiyo msongo hupandishwa ili mkondo upungue, kisha hushushwa kwa hatua hadi umeme uingie nyumbani. Hesabu ile ambayo kijana aliiona haina maana alipokuwa shuleni ndiyo inayouwezesha umeme kusafiri masafa marefu pasipo kuishia njiani.

Kanuni hiyohiyo ipo ndani ya kuta zetu. Waya wa milimita za mraba 1.5 hutosha kwa taa. Soketi kwa kawaida hutaka 2.5, na jiko la umeme hutaka mnene zaidi. Fundi asiyesoma, au anayetaka kubana gharama, huweka waya mwembamba mahali pa mnene. Taa zitawaka, mwenye nyumba atashukuru, na hitilafu itabaki imefichika ukutani hadi siku pasi, jiko na jokofu vitakapowashwa pamoja. Vivyo hivyo waya wa kupeleka umeme ardhini ukiachwa: hakuna atakayegundua mpaka mtoto aguse jokofu lenye kasoro. Mwenye nyumba hana namna ya kuikagua kazi iliyokwisha kupigwa lipu. Anamwamini fundi tu, na ndiyo maana kazi hii ni amana. Ndiyo maana pia sheria inamtaka anayefunga umeme awe na leseni ya EWURA, ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu wake.

Sasa tuje kwenye ule uchelewaji. Katika sekondari zetu, kwa mfumo uliozoeleka, mwanafunzi akimaliza kidato cha pili huchagua kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha. Wengi huziacha. Wengine huziogopa, wengine hawana mwalimu, na wengine huwafuata rafiki zao. Mzazi hana habari, kwa kuwa siku hiyo hakuna sherehe wala karatasi inayoletwa nyumbani kutiwa saini. Miaka miwili baadaye anapotamani mwanawe asome umeme, mlango anaoubisha ulikwisha kufungwa kimyakimya.

Kwani kinachotakiwa ili kuanza stashahada ya uhandisi wa umeme baada ya kidato cha nne, katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ni ufaulu wa masomo yasiyopungua 4, na miongoni mwake lazima ziwemo hisabati na masomo ya sayansi, fizikia ikiwa ya kwanza kutazamwa. Hapa pana jambo linalozihusu hasa familia za Kiislamu: masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu lina heshima na faida yake, na mtoto alisome kwa bidii. Ila mzazi asilihesabu anapopima kama mwanawe ametimiza sifa za chuo cha ufundi.

Stashahada hiyo huchukua miaka 3, ikipita ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za tuzo za ufundi. Aliyefuzu aweza kuajiriwa kama fundi sanifu, au akaendelea na shahada na hatimaye kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa ambaye alama hazikutosha, mlango wa VETA upo wazi. Kwa watu wa Kagera, chuo cha mkoa kipo Burugo, Bukoba, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Oktoba 2022. Aliyefika daraja la 3 la ufundi stadi, akiwa na cheti cha kidato cha nne, anaweza kuomba kuingia katika ngazi za ufundi sanifu. Tena tangu 2024 baadhi ya sekondari zimeanza mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma fani ya ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Ulizeni kama shule iliyo karibu nanyi imo.

Juu ya ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, uhandisi ukiwamo. Kuna wazee waliojitenga na mikopo hiyo kwa kuhofia nyongeza. Wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Masharti yaliyobaki yasomwe kwa utulivu, na mwenye shaka amuulize mwanachuoni anayemwamini, huku mkataba wenyewe ukiwa mkononi.

Na mabinti je? Mama mmoja atasema karakana si mahali pa msichana mwenye hijabu. Ukweli ni kwamba sheria ya karakana ni moja kwa wote: nguo pana isikaribie mashine inayozunguka. Mtandio mfupi wa pamba, uliobanwa vizuri na kuingizwa ndani ya ovaroli, hutimiza stara na usalama kwa pamoja. Pamba ni bora kwa kuwa vitambaa vya nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi panapotokea cheche kubwa. La kuuliza kwa makini zaidi ni bweni: lipo, lina ulinzi, na liko umbali gani na madarasa?

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1948 ilitiwa saini hati ya kuanzisha chuo cha Waislamu mjini Mombasa, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa nchi zetu elimu ya ufundi, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Leo chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na kinawasomesha watu wa dini zote. Wazee wale waliona mapema kwamba jamii isiyo na mafundi wake itabaki kuwaita wa wengine.

Basi, mzazi wa Kanazi na popote ulipo, usingoje matokeo. Kama mwanao yuko kidato cha kwanza au cha pili, juma hili omba daftari lake la hisabati na la fizikia. Huhitaji kuyaelewa yaliyomo. Tazama kama limeandikwa, kama limesahihishwa, na muulize ni wapi palipomshinda. Shule ikiwa haina mwalimu wa fizikia, wazazi mkutane, muone mwalimu mkuu, na mtafute kijana aliyemaliza kidato cha sita awasaidie watoto mwishoni mwa juma, hata kama ni kwenye baraza la madrasa. Samaki mkunje angali mbichi.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wassalaam.