Kuwinda si Mchezo wa Damu

Ndugu Waislamu, wapo wanaodai kuwa, maadamu aya ya 4 ya Suratul-Maida imehalalisha mawindo ya mbwa waliofunzwa, hapana ubaya kuiga wawindaji wa Australia wanaowaachia mbwa wenye damu ya bull terrier wamng'ang'anie nguruwe mwitu masikioni mpaka afikiwe kwa kisu. Hoja hiyo ni batili! Aya yazungumzia mawindo ya kuliwa, nguruwe haliwi. Aharibuye mazao na auawe, lakini auawe upesi. Mbwa naye hupasuliwa kwa meno ya nguruwe. Asili yake ni mbwa waliopiganishwa na mafahali, mchezo uliopigwa marufuku Uingereza mwaka 1835. Je, sisi ndio tuufufue? Mnyama hana ulimi wa kutushitaki leo. Kesho mbele ya Mola tutajibu nini?