Kasoro ya Kipuri Kipya: Ipi Ni Aibu?

Umenunua diski mpya ya breki, umeifungua, ukaikuta na kutu nyepesi usoni. Je, umedhulumiwa? Wanazuoni wa fiqhi walikwishaweka kipimo: aibu impayo mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa ni ile ipunguzayo thamani yake kwa desturi ya wafanyabiashara, au iharibuyo lengo la kuinunua. Kutu ile itafutwa na pedi siku ya kwanza. Lakini ufa, ujapokuwa mwembamba kama unywele, ni jambo jingine kabisa. Diski hupata joto kali kila breki ikanyagwapo, kisha hupoa, na kwa kurudiarudia hivyo ufa huzidi kutambaa. Dereva wa basi ateremkaye Kitonga haelezwi haya mara mbili.

Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta majimaji, mwenye mali alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Basi muuzaji asijifiche nyuma ya kibandiko cha “mali ikiuzwa hairudishwi”. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo haihalalishi ufa alioujua akaunyamazia.

Nawe mnunuzi, ukimsikia fundi akisema diski ina ufa, kisha ukaifunga na kuondoka, umeiridhia aibu hiyo na haki yako ya kurudisha imekwisha. Abiria waliopanda nyuma yako hawakuulizwa kama wameridhia.